Bondegi Mezani kwa Ki-dok

Kijiji cha Neulmi, Sangju
2 Juni 1974

Mdogo wangu Bun-nam,

Mvua za kupandikizia mpunga hazijafika huku, lakini ukungu wa asubuhi ni mzito na magoti yangu yameshajua. Natumaini kile kikohozi chako cha majira ya baridi kimekuachia, na kwamba In-suk mwanao bado yuko kwenye kiwanda cha viatu na hajakonda. Sisi tu wazima. Viwavi wamo kwenye mlo wao wa mwisho kabla ya kujifunga hariri. Wifi yako anawalisha mchana na usiku; majani ya mforsadi yanaisha trei ya mwisho kabla hajageukia ya kwanza. Juzi alisinzia ameshika kijiko cha supu. Jirani Chun alinyunyizia kitalu chake cha mpunga dawa wakati upepo ukivuma kwetu, tukapoteza trei mbili. Nimenyamaza. Ni jirani.

Tae-su, mwanangu wa pili, amemaliza jeshi na amerudi nyumbani. Amekuwa mrefu kuliko mlango. Amefanya mtihani wa kuingia kazi ya serikali, tunasubiri majibu.

Sasa jambo langu. Mwaka huu nina miaka hamsini na moja, na nimemfikiria sana Ki-dok. Miaka ishirini na minne tangu atupotee wakati wa vita si muda wa kungoja, ni muda wa kukubali. Desturi unaijua: mtu ambaye siku ya kufa kwake haijulikani huwekewa meza siku ya tisa ya mwezi wa tisa, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Nakusudia kuanzia mwaka huu tumfanyie tambiko siku hiyo. Kwa kuwa mdogo wetu hakuoa wala hakuacha mtoto, Tae-su atamshikia nafasi ya mwana. Nitapita pia ofisi ya kata ili jina lake liandikwe inavyopaswa.

Sikuombi ruhusa, maana hili ni la mwana wa kwanza. Nakuarifu kwa sababu wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Njoo ukiweza. Nauli nitalipa.

Kaka yako,
Pyo Ki-un


Busan, chini ya daraja la Yeongdo
9 Juni 1974

Kaka,

Barua yako imenikuta sufuria inachemka, nikaisoma nimesimama. In-suk mzima, anabandika soli kutwa na nywele zake zinanuka gundi. Kikohozi changu kilipona mwezi wa tatu. Asante kwa kukiulizia mwezi wa sita. Mpe wifi pole ya usingizi. Na huyo Chun, ukimnyamazia trei mbili mwaka huu, mwakani atakuulia chumba kizima. Mimi ningezichukua trei zile zile na viwavi wake waliokufa, nikamwekea mlangoni, nikamwambia habari za asubuhi.

Biashara inakwenda. Watoto wakitoka shule wanakuja kwenye ule ubao wangu wa namba. Mtoto analipa won kumi, nauzungusha ubao, anarusha msumari wenye manyoya, na namba aliyoichoma ndiyo vijiko vya bondegi, hao mabuu wangu wa hariri wa kuchemsha, ninavyomjazia kwenye karatasi. Jana mmoja kachoma namba moja mara tatu mfululizo.

"Mama, ubao wako mwizi!"

"Mwizi mkono wako. Hiyo moja inakupenda, ioe."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga mchuzi. Nikamwongezea kijiko cha pili akiwa ananuna, hakuona.

Sasa jambo lako. Hapana.

Hukuniomba ruhusa, nami sikunyimi. Nakuarifu tu, kama ulivyoniarifu. Umeandika "siku ya kufa kwake haijulikani". Nani alikuambia amekufa? Kinachojulikana ni kwamba hajafika. Basi la saa nne likifika saa kumi, watu hawaliwekei matanga, wanakaa kwenye mizigo yao wanangoja.

Mwaka ule wa vita kila mtu alimwambia mwenzake neno moja: tukipoteana, daraja la Yeongdo. Hatukuijua Busan. Tulijua tu kwamba ina daraja linaloinuka katikati kupisha meli, na hata mjinga hawezi kulikosa. Mama alimwambia Ki-dok maneno hayo asubuhi tuliyotoka, huku anamfunga viatu, na masikio yangu yalikuwepo. Sasa daraja haliinuki tena, wamelifunga. Lakini halijahama, wala mimi sijahama.

Umewahi kujiuliza kwa nini nauza bondegi na si viazi vitamu vya kuchoma? Viazi vina faida kubwa zaidi, nimekwisha piga hesabu zamani. Lakini harufu ya kiazi inaishia kwenye pua ya anayekinunua. Harufu ya bondegi inavuka barabara mbili na reli. Mtoto wa miaka kumi anaweza kusahau sura ya dada yake, anaweza kusahau hata jina la kijiji. Hasahau sufuria ya mama yake. Unaikumbuka? Mama anavuta uzi kutoka kwenye vifukofuko vinavyochemka, mimi nazungusha gurudumu, Ki-dok kachuchumaa na bakuli anangoja uzi uishe na buu lidondoke uchi. "Dada, huyu wangu! Na huyu wangu!" Pengine huikumbuki. Wewe ulikuwa chumba cha nje, unasoma kwa sauti ili baba asikie.

Basi hiyo meza utampangia nini? Samaki? Kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, na mwili ulikuwa wako wewe msomi. Sisi wawili tulikula bondegi. Mwekee bondegi kama una ubavu.

Nilimuuliza Mzee Bong, yule kipofu anayetabiri kwenye mkeka ulio jirani yangu, mtu akifanyiwa tambiko naye yu hai inakuwaje. Akasema, "Huko aliko atakuwa anabeua chakula ambacho hajala." Halafu akasema, "Hiyo nimekupa bure. Ukitaka ya pili, lipa."

Nauli yangu huwa najilipia.

Bun-nam


Neulmi, Sangju
21 Julai 1974

Mdogo wangu,

Joto limezidi na nzi ni wengi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi za vifukofuko. Tuliuza ushirikani mwishoni mwa Juni, nusu daraja la kwanza, nusu la pili. Wifi yako amelala siku mbili mfululizo na sasa ameanza tena kunigombeza, kwa hiyo ujue amepona. Anakusalimu na kukuulizia kama In-suk amepata mchumba.

Tae-su amefaulu mtihani. Tumechinja kuku. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka mjini kuuliza habari za ukoo wetu, akakaa barazani, akanywa chai ya shayiri, akaondoka. Mpunga unaonekana utakuwa mzuri.

Kuhusu ulichoandika. Meza ya tambiko ina kanuni zake, hazikuanza na mimi wala haziwezi kuishia kwangu. Wali, supu, nyama upande huu, samaki upande ule, matunda mekundu mashariki na meupe magharibi. Wadudu hawapandi kwenye meza ya ukoo wa Pyo. Kile tulichokula kwa njaa tusikifanye sadaka.

Tena wewe ni mwanamke uliyeolewa kwingine, na kwa kanuni meza hii si ya kwako kuipanga. Nasema hivi bila hasira.

Siku ya tisa ya mwezi wa tisa, mwaka huu, itaangukia tarehe ishirini na tatu Oktoba. Nafasi yako ipo.

Ki-un


Busan
4 Agosti 1974

Kaka,

Hongera za Tae-su. Nimefurahi kweli, hilo usilitilie shaka. Naye nilimbeba alipokuwa mchanga, akanikojolea kanga yangu ya pekee ya kubebea. In-suk hana mchumba. Mwambie wifi kuna kijana wa stoo anayemletea mapichi ya Japani ya kopo, lakini mimi siujui ukoo wake, ninalijua kopo tu.

Huku joto la Busan linachachisha bondegi kabla ya jioni. Naivisha kidogo kidogo, mara nne kwa siku, badala ya sufuria moja kubwa. Anayeivisha kubwa anatupa nusu.

Sasa nisikilize. Mimi niliishia darasa la nne, maana nikiwa na miaka kumi na minne nilipelekwa kiwanda cha hariri ili ada yako itimie. Nilikuwa naingiza vidole kwenye maji yanayotokota kutafuta ncha ya uzi, na mpaka leo vidole hivi havisikii moto. Silalamiki. Nakukumbusha tu kwamba kujumlisha nilijifunza huko, na kujumlisha hakujanitoka.

Mtoto amefaulu mtihani wa serikali. Bwana kutoka mjini amekuja kuuliza ukoo, akanywa chai. Na katika ukoo kuna mtu mmoja ambaye tangu vita hana kaburi wala anwani. Mtu asiye na kaburi wala anwani, hao mabwana wanajua kumwandika mahali pamoja tu: Kaskazini, kwa wakomunisti. Na mwenye ami yake Kaskazini hapewi dawati la serikali, hata awe mrefu kuliko milango miwili.

Ungeniandikia hivyo tangu mwanzo, Kaka, ningekasirika mara moja tu. Umeniletea kanuni na desturi na matunda mekundu mashariki. Kumbe unataka mdogo wetu afe kabla ya usaili.

Nitakuambia jambo ambalo sijawahi kulitia kwenye karatasi. Mtoni Nakdong walipandisha wagonjwa na wanawake kwenye mtumbwi, mimi na mama tukavuka. Mlibaki wewe na Ki-dok, mvuke nyuma yetu. Tukakungoja darajani hapa wiki tatu, tunalala chini ya maturubai. Ukaja. Uko peke yako, umechubuka miguu, na mgongoni umebeba kifurushi cheupe. Mama alikitazama kifurushi, akatazama nyuma yako, akakitazama tena. Akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Unakumbuka ulimjibu nini? Ulisema, "Nimewaleta mababu."

Vibao vya wahenga! Mbao nne zenye majina ya watu waliokufa kabla hata ya reli kujengwa. Uliwabeba wafu mgongoni, na aliye hai ukamwacha atembee kwa miguu yake. Mama hakukuuliza tena mpaka alipokufa, lakini mimi nililala naye kitanda kimoja, najua alichokuwa anakiuliza ukutani.

Leo ndiyo unataka kumbeba Ki-dok? Sasa hivi, akiwa hana uzito?

Isome hii kisha uichome, kama unaogopa mabwana wa chai.

Bun-nam


Busan
15 Septemba 1974

Kaka,

Nimengoja jibu, halikuja. Posta nimeuliza, hawana kosa.

Sikukuu ya mavuno imekaribia. Nimemtumia wifi kitambaa cha blauzi, cha buluu, asikitie kabatini kungojea siku njema. Yapeni makaburi ya baba na mama salamu zangu mkienda kufyeka majani. In-suk mzima.

Niliyoyaandika sikuyaandika kwa pombe, kwa hiyo siwezi kuyafuta. Lakini nilitaka uyajibu, sikutaka uyameze.

Ukiandika, andika kwa anwani ya In-suk iliyo nyuma ya bahasha hii. Usitume tena darajani.

Bun-nam


Neulmi, Sangju
3 Oktoba 1974

Bun-nam,

Wifi yako amekishona kitambaa na alikivaa siku ya sikukuu. Amenenepa kidogo, kimembana, lakini hasemi. Tulifyeka makaburi. Vifukofuko vya vuli tumevitoa jana, ni vyepesi kwa sababu ya baridi ya mapema. Kwa nini nisitume darajani? Hukusema.

Barua yako ya Agosti sikuichoma. Nimekaa nayo.

Mambo ya bwana wa mjini ni kweli. Ulijumlisha sawasawa. Tae-su mwenyewe hajui kwamba nilikuandikia kwa sababu hiyo, na ningependa asijue. Sikutaka uone kwamba nafanya biashara na jina la mdogo wetu. Lakini haikuwa sababu peke yake, na sababu ya pili ni ngumu kwangu kuliko ya kwanza.

Siku ile mtoni. Mtumbwi wenu haukurudi. Jioni watu walianza kuingia majini wenyewe, maana milio ilikuwa inakaribia nyuma yetu. Maji yalinifika kifuani, na Ki-dok yangemfika juu ya kichwa. Mgongoni nilikuwa na jige yangu ya miti ya kubebea mizigo, na juu yake lile sanduku la vibao. Kumbeba yeye na sanduku kwa pamoja nisingeweza. Baba aliniapisha akiwa anakufa, nawe ulikuwepo: nyumba ikiungua, toa vibao kwanza.

Nilifungua sanduku, Bun-nam. Vibao vyote vinne nilivimwaga mtoni. Nikalifunga sanduku tupu kwa kamba, nikampa Ki-dok alishike kwa mikono miwili, kamba nikaishika mimi. Likaelea. Aliniambia, "Kaka, linaelea kweli!" Alikuwa anacheka. Tulifika katikati. Kisha kundi la watu waliokuwa juu yetu likaanguka kwenye mkondo na ng'ombe wao, wakatupiga, na kamba ikanitoka.

Nilimwona anakwenda na maji, ameshika sanduku. Hakuwa anazama. Nilimpigia kelele, "Daraja la Yeongdo! Daraja la Yeongdo!" Sijui kama alisikia. Mto ulikata kona, nisimwone tena. Nilitembea ukingoni mpaka nikafukuzwa na askari.

Kile kifurushi cheupe ulichokiona mgongoni kwangu kilikuwa kuni. Niliziokota njiani, nikazifunga kwa shati langu la ndani, kwa sababu sikuweza kumfikia mama nikiwa sina mtoto na sina mababu. Nilimwambia nimewaleta, akakubali, na baada ya hapo sikupata siku ya kusema vingine. Vibao mnavyovisujudia tangu vita nilivichonga mwenyewe kwa mforsadi ulioanguka nyuma ya chumba cha viwavi. Kanuni inataka mti mwingine kabisa. Mimi ninayewakemea watoto kwa kuweka matunda upande usio wake, nawainamisha mbele ya kuni.

Niliwatupa mababu ili nimwokoe yeye, nikawakosa wote. Sababu ya pili ndiyo hiyo. Nataka katika nyumba hii kiwepo kibao kimoja kilicho cha kweli, na hakuna wa kustahili ila yeye. Nimekata ubao mwezi wa tano. Uko mezani kwangu, msafi, na kila nikishika kisu namsikia anacheka.

Ofisi ya kata sitakwenda. Tae-su atalima.

Nimeandika mengi. Swali moja nataka unijibu, la meza tuliongee au tusiliongee. Mama alikuwa anatia nini kwenye zile bondegi? Wifi yako hajui, na mimi nilikuwa chumba cha nje.

Ki-un


Busan, nyumbani kwa In-suk
12 Oktoba 1974

Kaka,

In-suk mzima. Yule kijana wa makopo alikuja kunisalimu, akapiga magoti vizuri, ukoo wake si mbaya. Mwambie wifi blauzi ikimbana afungue mshono wa kwapa, niliacha kitambaa cha ziada humo.

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena, lakini najua nimeiweka wapi.

Miaka yote hii nimekuwa nikikulisha chuki yangu kwa kijiko kidogo kidogo ili isiishe, kumbe nalisha mtu ambaye hayupo. Ungesema, Kaka. Mama angekupiga na fimbo ya kufulia, halafu angekuandalia wali. Ungekuwa umepigwa na imekwisha.

Sasa tufanye mambo yanayofanyika.

Kwanza, Tae-su halimi. Mtoto amefaulu, aende kazini. Wewe nenda ofisi ya kata kesho, sema mdogo wako alichukuliwa na mto, mwaka ule, mwezi ule. Waandike amekufa. Nilikuwa nakataa karatasi kwa sababu nilidhani karatasi ndiyo Ki-dok. Wino haujawahi kumuua mtu aliye hai. Akirudi tutakwenda mahakamani sote watatu tukamfufue, gharama nalipa mimi, na hakimu nitampelekea bondegi.

Pili, hao mababu. Ukoo huu wote ulikula, ukavaa na ukaoa kwa mforsadi. Wamelala kwenye mti unaowajua. Waache, wala usimwambie mtu mwingine. Mimi nimeshajua, inatosha.

Tatu, ule ubao uliokata, usiuchonge. Mwandikie jina lake kwenye karatasi, kama wafanyavyo watu wasio na vibao, na tambiko likiisha ichome ile karatasi uani. Ubao ni wa milele. Karatasi ni ya mwaka mmoja. Mwakani tutaulizana tena. Kwa namna hiyo mimi naweza.

Umeuliza kwa nini usitume darajani. Mwishoni mwa Agosti manispaa ilituondoa sote, watabiri na wauzaji, wanasema watalii wanaona vibaya. Askari walikuja asubuhi na lori. Mzee Bong akawaambia, "Nilijua mtakuja leo." Askari akamuuliza, "Mbona hukuhama, babu?" Akamjibu, "Ulinilipa nikuambie?" Hata askari walicheka, kisha wakaukunja mkeka wake wakautia garini. Sasa nasimama lango la shule, ng'ambo ya soko. Nauza zaidi kuliko pale, karibu mara mbili. Nilikuficha kwa sababu nilikwisha kukuandikia kwamba sijahama, na sikutaka uone kwamba sasa hata mimi sina kona.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikikosea. Nilidhani ni lazima mmoja wetu ashinde, meza yako au daraja langu. Lakini kama alisikia ulichompigia kelele, basi anajua pa kuja ni darajani. Na kama hakusikia, kama mto ulimchukua kabla, basi hana anakojua ila lango la nyumbani.

Kwa hiyo tarehe ishirini na tatu sitakuja Neulmi. Usikasirike. Asubuhi nitasukuma mkokoteni mpaka darajani, mahali pangu pale pale. Wakinifukuza nitazunguka sokoni na kurudi upande wa pili. Nitaivisha sufuria kubwa, hata kama nusu itachacha. Wewe usiku weka meza. Shusha ile kamba ya kuanikia nguo uani isije ikamkwaza, na lango uliache wazi. Akiwa roho atakuja kwako, roho haziulizi njia. Akiwa mtu atakuja kwangu. Asifike popote akakuta sufuria imepoa.

Kuhusu kupika. Ndani ya kifurushi hiki kuna bondegi kavu, nimechagua moja moja, waliovunjika nimewatoa. Wifi awaloweke kuanzia jioni ya siku ya nane. Maji ya kwanza yakichemka ayamwage, ndiyo yenye uchungu. Maji ya pili atie chumvi ya mawe. Mama alikuwa anatia na kipande cha tangawizi, kisha anakitoa. Pilipili na kitunguu saumu hapana, unajua mwenyewe mizimu inavikimbia. Usiweke kwenye sahani ya shaba. Nimekuwekea gazeti, lizungushe liwe kama pembe, ukunje ncha chini, uliegemeze kwenye bakuli la wali. Na usimwekee vijiti. Alikula kwa mkono.

Sijui utaiweka upande gani, mashariki au magharibi. Kanuni haisemi, nadhani. Iweke karibu na mlango.

Mimi huwa napima kwa kijiko, unanijua. Hii usiipime, Kaka. Jaza mpaka imwagike.

Dada yake,
Bun-nam